Sura ya Nne: Jiwe la Mama Jestina

"Wameniibia mama yangu," Bi Thisbe alisema, akaketi kwenye benchi la kituo bila kukaribishwa.

Konstebo Sorie, ambaye hakuzaliwa kwetu mlimani na bado anatuzoea, alivuta kalamu mbiombio. "Pole sana, mama. Ana umri gani? Mara ya mwisho alionekana amevaa nini?"

"Amekufa."

"Mungu wangu. Lini?"

"Kabla mama yako hajavunja ungo. Mwanangu, hebu niitie mwenye akili."

Mwenye akili alikuwa chumba cha nyuma anamalizia akara zake, zile bajia za kunde. Inspekta Iyamide Faulkner ni mwanamke wa makamo, mnene, sauti yake ya chini, na wapo waliomchukulia poa kwa sababu ya sauti ile, sasa hivi wanakula ugali wa serikali. Alifuta mafuta vidoleni, akavuta kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Bi Thisbe, shikamoo. Kesho si ndiyo harusi ya Ebun?"

"Ilikuwa kesho. Jiwe la kaburi la mama limeng'olewa usiku. Nimefika asubuhi nikakuta msingi mtupu. Sasa jioni ya leo nitasimama wapi nimwambie kwamba kitukuu wake anaolewa? Nisimame kwenye nyasi nimwagie maji panzi?"

Hapa Sorie hakuelewa, lakini Inspekta alielewa vizuri sana. Sisi watu wa Wellbrook hatuozi mtu kimyakimya. Mkesha wa harusi familia huenda makaburini, ikamwaga maji, ikawaeleza wafu nani anamwoa nani, kisha ikarusha vipande vinne vya kokwa ya kola ili kusikia jibu. Viwili vikitazama juu na viwili chini, wamekubali. Asiyepata jibu, haendi kanisani. Bi Thisbe ndiye aliyemlea Ebun tangu ananyonya, na neno lake katika nyumba ile ni neno la mwisho.

"Bila jiwe siendi makaburini," alisema, "na nisipoenda makaburini hakuna harusi. Kazi kwako, Inspekta."

"Unamshuku mtu?"

"Nashuku? Namjua. Mama wa bwana harusi, yule Leonora wa Banjul. Tangu ameshuka melini anazungukazunguka makaburini na mwavuli wake, anachokoachokoa chini. Mgeni gani anakuja harusini kuchokoa wafu wa watu?"

Inspekta alichukua kofia yake, wakatoka wote watatu.

Makaburi yetu yako mteremkoni, chini kidogo ya barabara ya lami. Miaka mingi yalikuwa pori tupu, hadi mwaka huu vijana walipounda kamati, wakafyeka, wakainua mawe yaliyolala, wakaunganisha yaliyovunjika. Siku hizi ukipita pale unajisikia vizuri, unatembea unasalimia majina.

Inspekta alichuchumaa kwenye msingi wa kaburi la Mama Jestina, akakaa pale mpaka Sorie akaanza kuhamisha uzito mguu hadi mguu. Saruji iliyoshika jiwe ilikuwa imekatwa kwa tindo, pole pole, kuzunguka pande zote. Vipande vya saruji vilikuwa vimezolewa vikarundikwa pembeni. Alama ya gurudumu moja ilikwenda hadi kwenye njia ya miguu, ikapotelea kwenye mawe.

"Mwizi gani anafagia?" aliuliza.

"Mwizi msafi, Afande," Sorie alisema.

"Na mwenye subira. Mwizi wa kawaida angelipiga teke tu." Inspekta aligeuka. Kulia kwa msingi ule yalisimama mawe mawili meupe pe, yanang'aa utadhani meno ya bandia. Alipitisha kiganja juu yake. Hapakuwa na herufi hata moja. "Haya nani kayasugua?"

"Mimi," Bi Thisbe alisema, akainua kidevu. "Wiki iliyopita. Babu yangu na shangazi yangu. Brashi ya waya na ile dawa ya kusugulia choo. Umeona yanavyowaka?"

"Na majina yao?"

"Yalikuwa yamefifia hata hivyo. Tutayapaka upya kwa rangi ya dhahabu."

"Mama Jestina zamu yake ilikuwa lini?"

"Leo asubuhi. Nilikuja na ndoo yangu kabisa."

Inspekta alikuwa anatazama nyasi. Kwetu wafu tunawalaza miguu upande wa mawio, jiwe linasimama kichwani, na maandishi yanatazama miguu. Kwa hiyo makaburi yote ya mstari ule yalikuwa na kipara cha nyasi upande wa mawio, pale watu wanaposimama. La Mama Jestina peke yake lilikuwa na kipara upande wa pili, upande wa barabara.

"Mkija kummwagia maji mnasimama wapi?"

"Mbele ya jiwe. Kwani wewe unasimama wapi, mgongoni?"

"Nauliza tu, Bi Thisbe."

Wakati huohuo mwavuli mweusi uliibuka kutoka nyuma ya vichaka vya upande wa barabara, na chini ya mwavuli alikuwamo Bi Leonora Goddard, gauni limepigwa pasi, kilemba kimesimama wima, viatu vimejaa udongo. Aliufunga mwavuli, akachoma ncha yake ardhini, akasikiliza, akachoma tena.

"Umeona?" Bi Thisbe alisema. "Mchana kweupe."

Inspekta alimfuata kule kule vichakani. "Habari za asubuhi, mama. Umepoteza kitu?"

"Nimempoteza bibi yangu," Bi Leonora alisema.

Sorie aliguna. Ni siku ambayo kila mtu alikuwa amepotelewa na mzazi.

"Mama yangu alichukuliwa Banjul akiwa mdogo," Bi Leonora aliendelea. "Bibi Hepzibah akabaki hapa, akafia hapa, akazikwa kwenye makaburi haya. Nilimwahidi mwanangu Ransford kwamba mkesha wa harusi na sisi tutakuwa na mtu wetu wa kumwambia. Sasa siku zinaniishia. Nachoma chini nikisikiliza kama kuna jiwe lililolala. Bibi yangu hajamwagiwa maji na mtu, Inspekta, tangu mama yangu apande meli. Nikilala usiku naona midomo yake imekauka." Macho yalimjaa, akayakausha kwa ncha ya kilemba, harakaharaka, asionekane.

"Usiku wa jana ulikuwa wapi?"

"Nyumba ya wageni. Nilishindwa kulala kwa mkoromo wa Ransford, hadi alipotoka. Alisema anakwenda kupunga upepo."

"Alirudi saa ngapi?"

"Sijui, lakini alirudi viatu mkononi." Bi Leonora alimtazama Inspekta vizuri. "Kwa nini unauliza?"

"Ndiyo kazi yangu, mama."

Kabla hajauliza zaidi, Sorie, aliyekuwa ameshapanda barabarani, alirudi mbio. Alikuwa amesikia kwa wauza ndizi kwamba fundi Kargbo ana bamba la marumaru uani kwake. Kwa fundi Kargbo ni karibu. Walimkuta mkewe ameketi kwenye kigoda, anaponda mbegu za egusi juu ya bamba jeupe zuri, anaimba.

"Mama, inuka pole pole," Sorie alisema, mkono kwenye pingu. "Unamponda marehemu."

Mwanamke alimtazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyepanda kitandani. Walipoligeuza bamba, chini yake palikuwa na gundi, parafujo na kibandiko kinachosema foleni ianzie kushoto. Ilikuwa kaunta ya benki iliyobomolewa mjini. Mke wa fundi alicheka mpaka mbegu zikamwagika, na Sorie akaziokota moja moja kama adhabu.

"Tumekwama, Afande," alisema wakiwa njiani.

"Hatujakwama hata kidogo. Hebu fikiri. Makaburini kuna mawe ya marumaru makubwa kuliko lile. Kwa nini mtu aache yote, achukue lile, tena usiku wa kuamkia siku ya kusuguliwa?"

Sorie alifikiri kwa uso wote. "Kwa sababu kesho yake lingekuwa halina maandishi."

"Na nani anajali maandishi ya mama wa Bi Thisbe, isipokuwa mtu wa Bi Thisbe?"

Nyumbani kwa Bi Thisbe harusi ilikuwa imeshaanza, hata kama mwenye nyumba alikuwa ameisimamisha. Masufuria ya wali wa jolofu yalikuwa mekoni, wanawake wanamenya vitunguu wanasengenya, na mtu alikuwa ameshajaribu spika mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Inspekta alipita uani kwanza. Toroli lilikuwa limeegemezwa ukutani, limeoshwa likaosheka. Aliingiza kidole chini ya ukingo wake, kikatoka na vumbi jeupe la saruji.

Ebun mwenyewe alimkaribisha sebuleni. Binti mrefu, vidole vyembamba, ndiye katibu wa kamati ya makaburi. Alimletea maji ya tangawizi, akayaweka kwenye meza fupi iliyofunikwa kitambaa cha lesi. Ransford, bwana harusi, alikuwa amesimama dirishani, anatazama nje kwa bidii mahali pasipo na kitu cha kutazama.

"Bibi ana hali gani?" Ebun aliuliza.

"Anasema hakuna harusi."

Binti alinyoosha ncha ya kile kitambaa. "Lakini jiwe likipatikana?"

"Likipatikana zima, sijui. Kamati yenu mnaosha mawe kwa kutumia nini?"

"Maji matupu na brashi laini ya nywele. Ukitumia kitu kikali unakula uso wa jiwe, na herufi ziko usoni. Nimemweleza Bibi mpaka nimechoka. Ananiambia mtoto wa juzi hawezi kumfundisha kumwogesha mama yake."

Inspekta alinywa funda moja, akaweka kiganja juu ya meza kuegemea. Joto la jiko lilikuwa limejaa nyumba nzima, ukuta wenyewe ulikuwa vuguvugu, lakini meza ile ilikuwa ya baridi hadi kwenye mfupa.

"Meza nzuri," alisema. "Mmenunua wapi?"

Kijiko kilimponyoka Ebun.

"Ni mimi, Afande," Ransford alisema dirishani.

"Si yeye, ni mimi," Ebun alisema. "Yeye alisukuma toroli tu."

"Na tindo nilishika mimi."

"Tindo nilishika mimi, wewe ulishika tochi, tena ulikuwa unatetemeka."

"Basi, mmeshakubali wote, msigombane kabla ya ndoa," Inspekta alisema, akainua lesi. Chini yake, juu ya kreti mbili za soda, Mama Jestina alikuwa amelala chali, mzima, na duara la majimaji ya glasi kwenye kona.

Mlango ulisukumwa. Bi Thisbe aliona jiwe, akaona glasi, akamwona mjukuu wake.

"Umemwiba mama yangu," alisema taratibu, "ukamtilia tangawizi kichwani."

"Nimemficha, Bibi. Ningemrudisha jioni, ukiwa umeshavaa, ndoo imeshakaa mbali. Babu na Shangazi wamekwisha, hawana majina tena, ni mawe meupe tu. Nimelia nimenyamaza. Huyu nilikataa."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwizi."

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyohivyo kwa adabu."

Ebun alichukua kioo cha kujipambia bibi harusi, akakipeleka dirishani, akakamata jua, akalitupa ubavuni mwa jiwe. Mwanga ulipokuja kwa upande, kila mkwaruzo uliota kivuli, na herufi zilizokuwa zimefifia zikasimama. Jina. Mwaka. Na chini kabisa, mahali palipokuwa pamezikwa ndani ya saruji, mstari ambao hakuna mtu pale aliyewahi kuuona.

"Soma, Bibi."

Bi Thisbe aliinama. Midomo ilimcheza. "Aliijaza nyumba hii kelele," alisoma, "na sasa imenyamaza mno." Aliketi sakafuni palepale na gauni lake la kitenge. "Hayo ni maneno ya baba. Baba alikuwa haongei, sijawahi kumsikia akimsifu. Kumbe alimwandikia." Alilia bila kuficha, akashika mguu wa Ebun. "Ile ndoo kaimwage chooni, ndiko inakostahili. Lakini wewe nitakuchapa baada ya harusi."

Hapo kesi ingeweza kufungwa, na Sorie alishafunga kidaftari. Inspekta hakufunga. Kile kipara cha nyasi kilikuwa bado kinamwasha.

Alasiri walirudi makaburini wote, jiwe kwenye toroli, na nusu ya wapishi nyuma yao. Inspekta aliomba lisisimamishwe kwanza. Alimwagia msingi maji, akausugua kwa brashi ya Ebun, na vikatokeza visiki viwili vya nondo vilivyokatwa zamani: kimoja kinene, kimoja chembamba. Kisha akageuza jiwe na kutazama kitako chake. Matundu mawili, pana na dogo.

"Ransford, liweke jinsi lilivyokuwa jana, uso barabarani."

Ransford aliliweka. Tundu pana likaangukia nondo nyembamba.

"Sasa uligeuze."

Tundu pana likakaa juu ya nondo nene sawasawa, na uso wa Mama Jestina ukatazama mawio, kama wenzake wote.

"Bi Thisbe," Inspekta alisema, "nani alikata nondo hizi?"

Bi Thisbe alitazama barabara, akatazama viatu vyake. "Ule msufi mkubwa uliokuwa hapa makaburini ulipoanguka, zamani, uliangusha mawe mengi. La mama nikalisimamisha mimi na fundi. Barabara ya lami ndiyo kwanza imepita. Nikaona si vizuri watu wapite na magari yao waone mgongo wa mama yangu. Nilitaka jina lisomeke kutoka barabarani."

"Ukaligeuza. Na tangu siku hiyo mnasimama upande wa barabara. Mama yako amelala upande huu. Hapo mlipokuwa mnamwaga maji ni miguuni pa mtu wa mstari wa nyuma."

Wapishi walikuwa wameacha hata kutafuna.

"Mtu gani?" Bi Thisbe aliuliza.

"Sorie, leta nondo. Anzia kwenye kipara, nenda kuelekea barabarani urefu wa mtu aliyelala, kisha choma."

Sorie alichoma. Udongo. Akachoma tena, na chuma kikalia juu ya jiwe. Bi Leonora alitupa mwavuli, akapiga magoti na gauni lake lililopigwa pasi, akafukua kwa mikono. Lilikuwa bamba fupi, limelala kifudifudi, limezama chini ya nyasi tangu kuanguka kwa ule msufi. Ransford na Sorie waliligeuza. Ebun alimwaga maji, akapitisha brashi laini, kioo kikakamata jua la jioni.

Hepzibah.

Bi Leonora aliweka shavu kwenye lile jina lenye matope, akalia kwa furaha kama mtoto aliyepotea sokoni akaona gauni la mama yake. "Na kiu yako yote hii," alikuwa akisema. "Miaka yote hii, Bibi, na kiu yako."

"Hakuwa na kiu," Bi Thisbe alisema.

Wote waligeuka.

"Maji hajakosa hata mwaka mmoja. Nimemwagia mimi. Pasaka, Krismasi, mwaka mpya, na ramu kidogo siku za baridi. Mwenye kiu ni wangu."

Bi Leonora aliinuka. Hakufuta matope. Alichukua kibuyu cha maji, akazunguka jiwe hadi upande wa mawio, akamwaga pale taratibu mpaka tone la mwisho. "Mama Jestina," alisema, "mimi ni mama wa Ransford. Bibi yangu amenywa maji yako muda mrefu, leo nimekuletea yako. Kitukuu wako anaolewa na mwanangu. Tunaomba." Akarusha kola. Mbili juu, mbili chini, mara ya kwanza tu. Bi Thisbe alimshika mkono na hakuuachia.

Wakahamia kwa Bibi Hepzibah. Bi Thisbe alimwaga maji, akataja majina, akarusha. Zote nne zikatazama chini.

Akarusha tena. Zote nne chini.

Ransford alipoteza rangi. Ebun alimkamata kiwiko.

"Bi Thisbe," Inspekta alisema kwa ile sauti yake ya chini, "mara ya mwisho ulikuja lini kuzungumza mahali hapa?"

"Jumapili."

"Ulisema nini?"

"Mambo ya familia."

"Familia ya nani?"

Bi Thisbe alirekebisha kilemba kisichokuwa na kasoro. "Nilimwambia kijana ni mzuri, hana neno. Ila mama yake."

"Ila mama yake nini?" Bi Leonora aliuliza.

"Kwamba ana maringo. Kwamba anatembea kama amemeza ufagio. Na kwamba wali wake ule aliotupikia, hata kuku waliutazama wakaenda zao."

"Uliyasema hayo kwa bibi yangu."

"Nilidhani ni mama yangu. Saa nzima, Leonora. Nililetewa hadi kigoda."

"Naye akasema nini?"

"Alinyamaza. Nikajua ananiunga mkono."

Bi Leonora alitaka kukasirika, kila mtu aliona anavyojitahidi, lakini kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha mdomoni, hadi akajiegemeza kwa Sorie. "Mwendo huu ni wa kwake," alisema akipata pumzi. "Mama alikuwa akinichapa, anasema natembea kama Hepzibah."

Bi Thisbe aligeukia lile bamba lenye matope. "Bibi, nisamehe. Hana maringo. Ni mwendo wenu. Wali nitamfundisha mwenyewe." Akampa Bi Leonora kola. "Rusha wewe, mkwe."

Bi Leonora akazirusha huku bado anacheka. Mbili zikatazama juu, mbili zikatazama chini, na vigelegele vya wapishi vikafanya magari yasimame barabarani.